Kitindamimba wa Tanuri

Katika mtaa ule kopo halikuwa na siku ya kufa. Kopo la maziwa likiisha maziwa linageuka kipimo cha mchele. Likipinda linageuka taa ya utambi. Likitoboka linajazwa udongo na kupandwa kitunguu. Likishindwa hata kubeba udongo, ndipo linapotiwa ndani ya gunia pamoja na sufuria zilizopasuka, mabirika yasiyo na midomo na madebe yaliyoliwa na kutu, na safari yake inaishia uani kwa Sumaku.

Sumaku alikuwa mke wa Fundi, na kazi ya Fundi ilikuwa kumimina sufuria. Jina la kuzaliwa la mama huyu lilishasahaulika mtaani, kwa sababu shingoni alivaa kamba, na kwenye kamba ile ilining'inia sumaku nyeusi aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Kila kitu kilichoingia uani alikigusa nayo. Kikinaswa, hicho ni chuma cha kawaida: kinatupwa kushoto, kingojee malori ya watu wa vyuma chakavu. Kisiponaswa, hicho ni mali ya sufuria: kinatupwa kulia, na kikishatupwa kulia hakina njia nyingine isipokuwa ya motoni. Mkono wake ulikwenda kasi mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Naye alijua anatazamwa, akazidisha mbwembwe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyefikiri kuuliza maji yanaingilia wapi.

Maana sumaku huacha vitu vingi. Huacha shaba, na huacha vile vipande laini vya kijivu vinavyotoka kwenye betri kuukuu za magari na kwenye viungo vya rejeta. Vyote hivyo vilikwenda kulia pamoja na makopo ya soda na vifuniko vya birika. Fundi alivipenda vile vya kijivu kuliko vingine vyote. "Hivi havisumbui," alikuwa akisema huku akivitupia kwenye chungu chake cha kuyeyushia. "Kabla hujatoa mkono vimeshakuwa maji." Tena sufuria yenye vipande hivyo ilikuwa nzito, na wanunuzi sokoni hupima sufuria kwa kuipandisha na kuishusha kiganjani. Nyepesi wanairudisha mahali pake. Nzito wanasema, ee, hii ndiyo sufuria.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Fundi alikizika chungu ndani ya mkaa, akawasha feni, akangoja vile vipande vyote viwe uji mmoja unaong'aa. Takataka zilizoelea juu, ambazo mafundi huziita mavi ya chuma, alizikwangua na kuzitupa. Kisha akachota kwa upawa wenye mpini mrefu na kumimina kwenye kalibu za mchanga, moja baada ya nyingine. Sufuria za kwanza zilitoka laini na nyeupe. Hizo ni za sokoni. Lakini kilichobaki chini kabisa ya chungu kilikuwa kizito, kigumu kumiminika, na sufuria iliyotokana nacho ilikuwa na madoa meusi na mgongo wenye chunusi. Haiuziki hiyo. Mafundi waliomtangulia Fundi walikuwa wakiiita kitindamimba, na kitindamimba haendi sokoni. Anabaki nyumbani kwa wazazi wake.

"Mfinyanzi hulia gaeni," Fundi alisema kila alipoingia jikoni na moja ya namna hiyo mkononi. "Lakini hebu linyanyue gae letu! Nani mtaani ana gae zito kama hili?"

Jikoni kwa Sumaku vitindamimba walipangwa ukutani kwenye misumari, kuanzia mkubwa wa kupikia wageni hadi mdogo wa kuchemshia maziwa. Waligongwagongwa na kila mgeni aliyeingia, kwa vile walilia vizuri, sauti nene isiyoyumba. Sumaku alijifanya kuchukia kelele hizo. Kwa kweli asingepata raha kama mgeni angeondoka bila kugonga hata mmoja.

Nyumba hiyo ilipata mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtaa ukamwita Kobe. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na shuleni alikaa darasa moja mpaka watoto waliozaliwa nyuma yake wakamfikia, wakampita, wakamuaga. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana, anayesukuma mkokoteni wa sufuria kwenda sokoni. Alikuwa mwema, mcheshi kwa watoto, na ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti huku akitabasamu. Watu walishangaa alivyompata mke aliyempata. Mkewe alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na alipoulizwa na wateja wake alimpendea nini Kobe, alijibu, "Wanaume wenye akili nimeshawaona." Hapo muulizaji anainamisha kichwa asukwe, basi.

Msusi na mama mkwe wake waliheshimiana kama majirani wanaogombania ukuta. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu." Halafu kila mmoja anashika chake. Kitu kimoja tu kiliwakalisha pamoja wakasahau kununa, nacho kilikuwa Kasuku.

Kasuku alikuwa binti wa Kobe na msusi, mjukuu wa pekee wa nyumba ile, na jina hilo alilipata kwa haki yake. Alisema alipoamka na alisema alipokuwa akisinzia. Aliuliza moto unakula nini zaidi ya mkaa. Aliuliza kama sufuria inaumia ikigongwa. Aliuliza kwa nini babu hana nyusi, na alipoambiwa zimeunguzwa na tanuri, akataka kujua kama babu aliziomba radhi. Sumaku, ambaye mwanawe alikua kwa maneno ya kuhesabika, alikuwa akiacha kazi, anakaa juu ya gunia la makopo, anamsikiliza tu mtoto yule mpaka Fundi anapiga kelele kwamba moto unazimika.

Kisha Kasuku akaanza kunyamaza. Hakuna aliyeweza kusema ilianza lini. Kwanza alishika tumbo. Kisha akakataa chakula. Kisha akawa anaanza kusema jambo, anasimama katikati, anamtazama bibi yake kana kwamba yeye ndiye aliyemnyang'anya neno lililofuata. Sumaku akafanya lile ambalo bibi yeyote angelifanya: akamzidishia uji. Uji mwepesi wenye ndimu, maana ndimu huamsha hamu ya kula. Aliupika kwenye kitindamimba mdogo kuliko wote na mzito kuliko wote, akauacha humo humo usipoe upesi, mtoto anywe asubuhi, mchana na jioni. Mtoto alipozidi kudhoofu, bibi akazidisha ndimu. Asije mtu akasema hakumpenda. Alimpenda mpaka akawa anaamka kabla ya jogoo kumchemshia.

Msusi ndiye aliyesema yatosha. Alimbeba mwanawe mgongoni hadi zahanati, na Sumaku akafuata nyuma na mwavuli. Damu ilichukuliwa, ikapelekwa kunakopelekwa, na siku ya majibu walipokelewa na muuguzi mmoja wa makamo, mwenye macho ya usingizi, aliyeongea polepole ili asirudie.

"Damu ya mtoto ina risasi," alisema. "Yale madini laini ya kijivu, yale ya kwenye betri za magari. Kwa mtoto ni sumu. Inaingia kwenye damu, inapanda kichwani, inamchelewesha, inamsahaulisha. Huko kunyamaza kwake kunatoka hapo. Nyumbani mna betri mbovu? Kuna rangi ya zamani ukutani anayobandua akala?"

"Kwetu hakuna mtoto anayekula ukuta," Sumaku akajibu.

"Mnafanya kazi gani?"

"Wanayeyusha vyuma," msusi akasema. "Wanatengeneza sufuria."

Sumaku alilisikia vizuri neno hilo. Siku zote ilikuwa "tunatengeneza".

Muuguzi akaacha kuandika. "Na chakula mnapikia hizo hizo?"

"Tupikie za nani?"

"Basi acheni. Kuanzia leo. Zote."

Fundi alipoambiwa alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake, akakasirika. "Yaani mtu asiyejua hata kushika koleo aniambie sufuria zangu ni sumu! Baba yangu kamimina, mimi nimemimina. Mbona hatujafa?"

"Baba, hakuna aliyesema kufa," msusi akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, amekataa kiti. "Wamesema kichwa."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mtoto ana minyoo huyu."

"Na mchuma janga hula na wa kwao."

Hakuna aliyewahi kumrudishia Fundi methali kwa methali chini ya paa lake, sembuse mkwe. Kobe, aliyekuwa akila, alimtazama mkewe, akamtazama baba yake, akaweka kijiko chini na kuuliza, "Tumekosana?"

"Nampeleka mwanangu kwa mama yangu," msusi akasema, naye alimjibu mumewe kwa upole, kama alivyomjibu siku zote. "Wewe baki, kazi yako iko hapa." Kisha akamgeukia mama mkwe wake. "Jiko likisafishwa, Mama, mniite. Lisiposafishwa, msiniite."

Walipoondoka nyumba ikawa kubwa ghafla. Sumaku alijikuta akichambua makopo huku akijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Fundi alimsikia, akajifanya hakusikia. Kobe alirudi kila jioni na mkokoteni, akachungulia chumbani kwake, akatoka na kukaa kizingitini kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau. Hali hiyo ilikwenda mpaka asubuhi moja Sumaku alipopanda juu ya kigoda na kuanza kuwashusha vitindamimba kutoka ukutani, mmoja mmoja.

"Unanivua nguo mbele ya watu," Fundi alimwambia.

"Mzee, mimi namtaka mjukuu wangu. Sufuria zitapatikana."

Angeweza kununua za dukani. Hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo, maana duka lilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na sufuria zilining'inia mlangoni zikigongana kwa upepo. Lakini mke wa mtu anayemimina sufuria apikie ya dukani? Ni sawa na mshonaji kutembea uchi. Majirani wangesema, na wangeuliza sababu, na sababu ingefika sokoni kabla ya mkokoteni. Tena Sumaku hakuwa na wasiwasi na chuma. Wasiwasi wake ulikuwa na uchafu. Kichwani mwake ile risasi ilikuwa kitu kilichoingia kwenye sufuria kama vumbi linavyoingia kwenye mtungi, na dawa ya uchafu aliijua tangu utotoni.

"Maji ya kisima ukiyachemsha si unakunywa?" Fundi alisema, akiwa amelainika baada ya kuona mkewe hamlaumu tena. "Na huo ni moto wa kuni tatu. Huu wangu unageuza chuma kuwa maji, Mama. Uchafu gani utabaki humo?"

Akamwamini. Mtu aliyekaa na moto maisha yake yote akikwambia habari za moto, utabishana naye kwa lipi?

Basi wakaifanya kazi ile pamoja, mume na mke, kwa mapenzi ambayo walikuwa hawajaonyeshana tangu ujana. Sumaku aliwaosha vitindamimba wote kwa jivu na maji ya moto, akang'oa mishikio iliyokuwa na chuma, akawapitishia sumaku ndani na nje, kisha akarudia tena. Fundi aliwavunja kwa nyundo, akawatia chunguni peke yao, bila kuchanganya na kopo lolote la mitaani. Alikoroga kwa nguvu ili uji uwe mmoja. Alikwangua mavi ya chuma, akangoja, akakwangua tena, mpaka juu pakawa kama kioo. Kilichoelea chote kilitolewa. Kilichozama hakuna aliyekitafuta, kwa kuwa hakikuonekana.

"Hii si kitindamimba," Fundi alisema alipokuwa akiipasua kalibu ya kwanza. "Hii ni kifunguamimba. Ya mtoto."

Kilikuwa kisufuria chenye mfuniko, na mishikio yake miwili imekaa kama masikio. Fundi alikisugua kwa mchanga, kisha kwa jivu, kisha kwa kitambaa, na hakwenda kula mpaka alipojiona humo ndani, bila nyusi. Sumaku alisimama nyuma yake akitazama, akafikiri kwamba katika maisha yao yote mzee huyu hajawahi kutengeneza kitu kizuri kama hicho. Alimwambia hivyo. Fundi akasema ni moshi, akafuta macho.

Kasuku alirudi akitembea, ameshikwa mkono na mama yake. Kwa bibi yake mwingine, anayepikia chungu cha udongo, alikuwa ameanza kuokota maneno yake: maji, paka, njoo, sitaki. Aliposema "sitaki" mbele ya mlango wao Sumaku alilia kwa furaha, na papo hapo akamwonea wivu yule mama mwenzake mwenye chungu. Msusi aliingia jikoni moja kwa moja. Akaitazama misumari mitupu ukutani.

"Zile zimekwenda wapi?"

"Hazipo tena."

"Na hiki?"

"Kipya. Babu yake kakitengeneza kwa ajili yake. Chuma nimekichagua mimi mwenyewe."

Hakusema uongo hata neno moja. Msusi alikigeuzageuza kile kisufuria, akakipenda, ikambidi akipende, akasema, "Ahsante, Mama." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka mdomoni mwake bila ukuta katikati.

Siku zile zilikuwa nzuri, na ubaya wa siku nzuri ni kwamba mtu hazitazami kwa makini. Sumaku alipika kwenye kisufuria kile kila kitu cha mtoto, akakataza mtu mwingine kukigusa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Kasuku alimsogelea babu yake siku moja, akamtazama pale zilipokuwa nyusi, akafungua mdomo, akaufunga. Sumaku akasema ni meno. Baadaye akasema ni joto. Mtoto alipojikunja na kushika tumbo, akasema anadeka kwa kuwa mama yake yupo, na sauti yake ilikuwa kali kuliko ilivyostahili.

Siku ya kurudi zahanati alikifunga kile kisufuria kwenye kitambaa safi, akakibeba. Alitaka muuguzi aone kwamba watu wa vyuma nao husikia wakiambiwa.

"Imepanda," muuguzi alisema. "Imepita hata ya mwanzo. Zile sufuria mliziacha?"

"Tuliziacha," msusi akasema.

"Tuliziacha," Sumaku akadakia, akafungua kitambaa na kukiweka kisufuria mezani. "Anapikiwa humu tu. Hakuna mwingine anayekigusa."

Muuguzi akakinyanyua. Mkono wake ulishuka kidogo kwa uzito. "Mlikinunua wapi?"

"Hatununui sisi. Tumekitengeneza."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa zile zile za zamani," Sumaku alisema, na bado alikuwa akitabasamu. "Tumeziyeyusha zote. Moto mkali, mpaka zikawa maji. Na nilizipitishia sumaku kwanza, ndani na nje."

Muuguzi aliyafumba yale macho yake ya usingizi. Alipoyafumbua hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali.

"Bibi, risasi haiungui. Inayeyuka na wenzake, inaganda na wenzake. Umezikusanya zote katika chungu kimoja, na hiki kimetoka humo humo. Na sumaku haiinasi."

"Haiinasi?"

"Haiinasi kabisa. Shika risasi tupu mkononi, sumaku yako haitatikisika."

Sumaku aliangalia kulia kwake, pale chumbani mwa muuguzi, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa kiti. Kila kipande cha kijivu alichowahi kukirusha upande huo kwa mbwembwe, watu wakitazama, alikuwa anakiona sasa. Aliomba radhi, hakujua anamwomba nani. Msusi alishamfunga mtoto mgongoni.

Njiani msusi alitembea mbele. Walikuwa wamekaribia nyumbani aliposema, bila kugeuka, "Ulijua ni zile zile."

"Mwanangu, nilidhani moto..."

"Sasa umeshamaliza kudhani."

Fundi alizipata habari akiwa na upawa mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama tanuri, akasema labda moto ulikuwa mdogo, labda angeongeza mkaa, angojee zaidi, akoroge zaidi. "Mzee, nyamaza," Sumaku akamwambia. Hajawahi kumwambia hivyo tangu waoane. Fundi akazima feni, akabaki ameuegemea ule mpini kama mlinzi wa ghala tupu. Mkokoteni wa Kobe ulikuwa ndio kwanza unaingia uani, mweupe, hauna hata sufuria moja. Sokoni walikuwa wamenunua zote.

Hilo nalo lilimwingia Sumaku. Ni nyumba ngapi zilikuwa zinapika jioni ile? Ni mama gani alikuwa anaipandisha na kuishusha sufuria mpya kiganjani, anawaambia wanawe, mwaona ilivyo nzito? Ingebidi kesho ashike njia, apite mlango kwa mlango akisema maneno ambayo hakuna atakayependa kuyasikia, na mumewe atakuwa wa kwanza kumzuia. Lakini hiyo ilikuwa ya kesho. Aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda chini ya misumari.

Chumbani msusi alikuwa akimweleza mumewe. Alimweleza kama ilivyompasa kuelezwa Kobe, kidogo kidogo, akirudia. Kisha mlango ukafunguliwa, na Kobe akaja jikoni. Hakukaa. Aliigusa misumari ile ukutani, mmoja, mwingine, mwingine.

"Mama. Wamesema inachelewesha watoto."

"Ndiyo, mwanangu."

"Inawasahaulisha."

"Ndiyo."

Akafikiri. Ilichukua muda wake, na Sumaku, kwa mara ya kwanza maishani, hakumharakisha.

"Mimi nilipokuwa mdogo, nilikuwa nakula kwenye sufuria zipi?"

Sumaku aliziona zile alasiri zote kwa pamoja. Daftari magotini, mtoto mnene mwenye macho makubwa, herufi aliyoijua jana na leo haijui tena. Alikuwa na mwiko wa mbao kwa kazi hiyo. Alimpiga vidoleni, akampiga mgongoni, na majirani waliposikia kilio aliwaambia samaki mkunje angali mbichi. Mvivu, alimwambia. Mvivu mkubwa wewe. Akamlazimisha aseme kwa kinywa chake kwamba yeye ni mvivu. Akishamaliza alimfuta machozi, akamwonea huruma, akampakulia chakula kingi.

"Zile zile," alisema.

Alingoja. Alitaka mwanawe apige kelele, apige ukuta, avunje kitu. Angeshukuru. Lakini uso wa Kobe ulikuwa unafunguka taratibu, jinsi ulivyofunguka kila alipoelewa jambo.

"Basi sikuwa mvivu."

"Hukuwa mvivu, mwanangu."

"Nilikuwa nasoma kweli, Mama. Nilikuwa naishika, halafu inaondoka."

"Najua."

"Sikuwa mvivu," Kobe alisema tena, akatabasamu kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka mbali. Akamshika mama yake begani kwa ule mkono wake mpana, akageuka kurudi chumbani. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba, na Sumaku alimsikia akimwambia mkewe kwa sauti ya furaha, "Mama kasema sikuwa mvivu."

Kilichofuata kusikika ni zipu ya begi la msusi, halafu Kobe akiuliza kama na nguo zake ziingie humo.